Darubini ya Mtu Aliyeketi

Zamani mtu akitaka kuona mbali alinyanyua uso. Siku hizi anauinamisha, na kidole gumba ndicho kinachosafiri.

Fundi vioo alikuwa mtu wa zamani hiyo. Mtaani walimwita Almasi, kwa sababu ya kisu chake cha kukatia vioo chenye chembe ya almasi kwenye ncha. Alikichomeka nyuma ya sikio asubuhi na hakukitoa ila wakati wa kukata au kulala. Alikuwa mfupi, si msemaji, na mikono yake ilijaa makovu membamba kama mistari ya daftari. Kwa miaka ishirini na sita, kila jioni akishafunga duka, alipanda ngazi za jengo alimopanga na mkewe mpaka juu kwenye paa la saruji, penye matangi ya maji na kamba za nguo, akapindua ndoo, akaikalia, akatazama juu hadi shingo ikakakamaa. Hakuwa na chombo chochote isipokuwa macho yake na kitabu kimoja cha nyota, kilichomfikia bila jalada wala kurasa kumi na mbili za mwanzo.

Kitabu hicho alikijalidi upya shemeji yake, mpiga chapa, ambaye karakana yake ilikuwa ukuta kwa ukuta na duka la Almasi. Dada mkubwa wa mpiga chapa ndiye aliyeolewa na Almasi, na kwa sababu hiyo wanaume hao wawili walitaniana mchana kutwa bila mtu kununa. Mpiga chapa alikuwa akimwuliza kila asubuhi kama nyota zimesema bei ya karatasi itashuka lini. Almasi alimjibu kwamba nyota hazijui kusoma, na hata zingejua, zisingepoteza muda wao kwa kadi za harusi. Enzi hizo kazi ilikuwa na nafasi ya maneno kama hayo. Mteja aliketi kwenye benchi akingoja kioo chake kikatwe, na yeye akatia lake. Leo mteja anatuma vipimo kwa simu, anatuma mtu wa kuchukua, na fundi hajui hata sura ya yule anayemtengenezea dirisha.

Watu wa jengo lile walimheshimu Almasi kwa vioo na kumcheka kwa nyota. Aliwaonyesha ile ya manjano isiyopepesa, akawaambia kwamba hiyo si nyota kama nyingine, ni sayari, inaitwa Zohali, na ina pete iliyoizunguka bila kuigusa popote. Wakamwuliza ameiona lini hiyo pete. Akasema hajaiona, ameisoma. Kicheko kilianzia hapo, kikadumu miaka. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni mkewe, na huyo hakucheka kwa sababu jambo lenyewe halikumchekesha.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alikanyaga cherehani ya miguu tangu usichana wake, kwenye chumba cha chini kilichofungukia uani, na cherehani hiyo ilimsomeshea mtoto ikamla magoti yote mawili. Ngazi za kufika chumbani kwao, orofa ya pili, alizipanda akiwa ameshika ukuta. Za paani aliziacha kabisa. Tangu binti yao wa pekee alipoolewa na kuhamia mji mwingine, jioni zilimkuta peke yake, yeye chini na redio, mumewe juu na nyota. Hakulalamika. Lakini siku moja, alipokuwa akimpima mdogo wake, mpiga chapa, shati, alisema, na pini ziko mdomoni, kwamba wanawake wengine huibiwa waume na wanawake wenzao, na hao angalau unaweza kwenda kuwagongea mlango.

Mpiga chapa alitembea na maneno hayo wiki nzima. Hakuwa mtu wa kupeleka habari. Mwishowe alikwenda kukaa kwenye benchi la Almasi akamweleza, bila utani hata kidogo, na Almasi akajua kwamba jambo ni zito kwa sababu ya ule utani uliokosekana.

Almasi alimaliza kukata kioo alichokuwa nacho mkononi. Akakivunja kwenye mstari kwa ile namna yake, pigo moja dogo kwa chini, kikaachana vipande viwili bila kelele. Ndipo akasema kwamba analijua hilo. Zamani, magoti yakiwa mazima, alimpandisha mkewe paani akamwonyesha Kilimia na Zohali na vyote alivyovijua. Mkewe akatazama vizuri, akasema amevipokea, akashuka kwenda kuangalia sufuria. Na hakuwa na kosa. Nukta ni nukta.

"Nanunua darubini, shemeji," alisema. "Nikimwonyesha kitu kimoja tu cha kweli, atajua nilikuwa wapi miaka yote hii."

Huko kununua ndiko kulikomfundisha mpiga chapa aina ya mtu aliyemwoa dada yake. Mtu mwingine angekimbilia dukani. Almasi alianza nyumbani. Jioni moja mkewe akiwa ameketi anapindua pindo, alipiga goti karibu yake, akakunjua rula yake ya mbao, akapima kutoka sakafuni mpaka usawa wa jicho. Mkewe akamwuliza kama sasa anataka kumtilia dirisha kichwani. Akajibu kwamba huenda, akaandika kipimo kwenye kiganja kwa kalamu.

Duka lenyewe lilikuwa la kamera na saa, na mwenye duka, bwana mmoja mwenye miwani ya fremu nyekundu, alikuwa na darubini tatu. Aliwapeleka Almasi na shemeji yake moja kwa moja kwenye ile ndefu nyeupe iliyosimama dirishani kwa miguu mitatu. Boksi lake lilichorwa mawingu ya zambarau na nyota za kila rangi. Akawaambia kwa fahari kwamba inavuta mara mia sita.

Mpiga chapa, ambaye aliipenda papo hapo, alimgusa shemeji yake kiwiko. Almasi hakuitazama ile picha. Alinyoosha kidole akaigonga darubini kwenye shingo, kama anavyogonga kioo cha mbele cha duka kuona kimekaa, kisha akasimama akihesabu kimoyomoyo. Bomba lilitikisika mpaka alipofika sita. Akamweleza mwenye duka, kwa adabu, kwamba kitu kinachotetemeka hivyo kwa kidole, jioni yenye upepo kitaonyesha nyota inacheza ngoma. Halafu akauliza mdomo wake una upana gani. Mwenye duka akarudia zile mara mia sita.

"Bwana, ukivuta ukungu mara mia sita unapata ukungu mkubwa," Almasi alisema. "Mimi kazi yangu ni madirisha. Chumba hakipati mwanga kwa urefu wa ukuta, kinapata kwa upana wa dirisha. Hii ina dirisha la choo."

Mwenye duka alicheka licha ya nafsi yake, na tangu hapo akaanza kusema kweli. Ile ya pili, alikiri, ina mdomo mpana lakini ni ndefu, mtu mzima huinama au hupanda kigoda kulingana na nyota ilipo. Ya tatu ilikuwa imesukumwa chini ya meza kwa sababu haikuvutia wanunuzi. Ilikuwa fupi na nene kama ndoo ya rangi, imekaa juu ya kitako cha mbao cha duara, haina miguu. Haikuwa na kioo cha kuchungulia kwa nyuma kama nyingine. Ndani kwa chini kulikuwa na kioo kipana cha kurudisha mwanga, na jicho lilitazamia ubavuni, karibu na mdomo wa juu. Almasi aliomba stuli, akaiweka darubini juu yake, akavuta kiti, akakunjua rula. Alipima kutoka sakafuni mpaka kwenye tundu la kutazamia, akafungua kiganja chake, akakilinganisha. Vilipishana vidole viwili.

Mpiga chapa alikuwa bado anaitamani ile nyeupe. Akauliza kwa nini wachague kitu kinachofanana na pipa. Almasi akamwambia ile nyeupe ni darubini ya mtu anayesimama na kuinama, na anayenunuliwa darubini hii hasimami wala hainami. Njiani kurudi, mpiga chapa aliona aibu kidogo kwamba yeye, ndugu wa damu, hakuyafikiria yale magoti.

Malipo yalikuwa ya kizamani. Almasi angemtengenezea mwenye duka kabati zima la vioo, na mwenye duka akamwachia darubini aondoke nayo siku ile ile, kabla hata kioo kimoja hakijakatwa. Hawakuandikiana chochote. Jaribu hilo leo uone utakavyoulizwa kitambulisho.

Kosa lilitokea usiku uliofuata, na ni kosa ambalo angelifanya fundi vioo peke yake. Mtu asiyejua vioo asingegusa kitu. Almasi alifungua kitako cha bomba ili tu aone kazi ya mwenzake, na alichokiona kilimshtua. Kila kioo cha kujitazamia alichowahi kukitengeneza kilipakwa fedha mgongoni, kioo chenyewe kikaja mbele kuilinda. Hiki kilipakwa mbele, fedha ikiwa uchi, upande ule ulioingia ndani kidogo kama shimo la sahani. Alimwita shemeji yake aje ashuhudie. Wakakitazama wote wawili chini ya taa, wakasikitika. Mpiga chapa akasema ndiyo hali ya viwanda vya siku hizi, mtu anafunga skrubu bila kujua anafunga nini, mradi saa ya kutoka ifike. Almasi akakubaliana naye kwa kila neno. Akakigeuza kioo, mgongo mbele, kama kinavyopaswa kukaa, akakaza skrubu zote tatu na kulala akiwa ametenda haki.

Jumamosi mkewe alipanda. Ngazi sabini na nane, alizihesabu mpiga chapa aliyetembea nyuma yake na kiti. Kwenye kila kituo alipumzika, na kwenye kila kituo jirani mmoja alifungua mlango akaungana nao, hata wakafika paani kama msafara. Jua lilikuwa limezama, Zohali imesimama juu upande wa mashariki. Almasi aliielekeza darubini, akasogea. Mkewe akaketi, na jicho lake likakuta tundu bila yeye kuinama hata kidogo. Alitazama muda mrefu. Alitaka kuona, hilo mpiga chapa angeliapia.

"Maziwa," alisema mwishowe. "Naona kama maziwa."

Almasi akatazama, akazungusha kifundo cha kulenga mbele na nyuma, akatazama tena. Ukungu mtupu. Jirani wa orofa ya nne akaomba naye aone, akasema kweli ni maziwa, tena yamechanganywa maji, na paa zima likaangua kicheko. Mkewe hakucheka. Alishuka ngazi moja moja akishika ukuta, na pale orofa ya tatu aligeuka akamwambia mumewe bila hasira, kwa ile sauti ya kumaliza kazi: "Nyota zako zikishuka chini, niite. Mimi huku sipandi tena."

Siku tisa Almasi hakupanda paani. Alikata vioo vya lile kabati la watu, akavisafisha kingo, akavipeleka, akarudi. Wateja walikaa benchini wakasema yao, naye akaendelea kukata. Mpiga chapa alimwona dukani kwake, jioni, ameketi tu na kisu sikioni, wala hana pa kwenda, kwani chini aliona haya na juu aliona haya.

Siku ya kumi mpiga chapa alikuwa anapanga herufi za risasi kwa ajili ya tangazo la mkutano. Kazi hiyo aliijua kwa vidole, herufi baada ya herufi kwenye fremu ya chuma, zote zimekaa kinyume. Alipokuwa akiikaza fremu, mkono ulisimama. Akaibeba vilevile ilivyo, nzito, akaenda nayo duka la pili akaiweka mbele ya Almasi. Akamwambia asome. Almasi akasema hawezi, imegeuka. Mpiga chapa akamwuliza kama aliyepanga amekosea. Almasi akasema hapana, ndivyo inavyotakiwa ili karatasi itoke sawa.

"Basi," mpiga chapa alisema, "tuna uhakika gani kwamba yule wa kiwandani alikosea?"

Almasi alinyoosha mkono kwenye rafu. Alichukua kipande cha kioo cha kujitazamia, akakitazama mbele, akakigeuza, akakitazama nyuma. Mtu anayejitazama akichana nywele hajali mwanga ukipita kwenye kioo ukarudi. Lakini ule uliosafiri kutoka Zohali umechoka, ni mdogo, hautaki kupita mahali popote zaidi. Unataka kugonga fedha na kurudi. Na lile shimo la sahani ndilo linaloukusanya; yeye aliligeuzia sakafuni.

Kulikuwa na wateja wanne pale. Angeweza kunyamaza. Alisimama akasema wote wasikie kwamba alimsahihisha mtu aliyekuwa sahihi, na kwamba kwa miaka arobaini ya kazi hajawahi kuaibika hivi, na anastahili. Mpiga chapa alisema na yeye alishika taa. Hiyo ndiyo tofauti ya mafundi wale na hawa wa leo. Hawa ukiwaonyesha kosa wanakuonyesha risiti.

Kioo kilirudishwa. Kidole gumba cha Almasi kilikuwa kimeacha alama juu ya fedha, na kitabu kilisema alama ya namna hiyo usiifute, utaharibu zaidi. Akaiacha. Zile skrubu tatu za kukilenga kioo alizihangaikia mchana, akitazama ncha ya mnara wa maji ulio mbali, mpaka akaweza kuhesabu boliti zake.

Lakini mkewe alikwisha sema, na Almasi hakumbembeleza. Alilichukua neno lile kama kipimo alichotoa mteja. Nyota zishuke chini. Uani, mbele ya chumba cha kushonea, kulikuwa na nafasi ya wazi kati ya jengo lao na jengo la jirani, na ukisimama kwenye sinki la kufulia uliona utepe wa mbingu usiozidi upana wa kiganja kimoja ukinyoosha mkono. Watu wengine wasingeuita huo mbingu. Almasi alikaa pale jioni sita, na kipande cha chaki. Kila Zohali ilipojitokeza kwenye ukingo wa paa moja alitia alama ukutani na saa yake, na ilipopotelea nyuma ya paa la pili akatia nyingine. Ilipita pale kwa nusu saa, na kila jioni iliwahi kwa dakika nne. Akachagua jioni ambayo ingepita mkewe akiwa amemaliza kazi na hajaanza ngazi.

Jioni hiyo mpiga chapa alipewa kazi ya kuzungukia majirani kuomba taa za madirisha ya uani zizimwe. Wote walikubali, isipokuwa mama wa orofa ya kwanza aliyesema yeye hapiki kwa kupapasa, akapewa dakika kumi za kumalizia. Almasi aliiweka darubini juu ya stuli. Akaenda mlangoni kwa mkewe, aliyekuwa anafunika cherehani.

"Mama watoto," alisema, "zimeshuka."

Mkewe alimtazama kama anavyotazama mshono aliotilia shaka. Kisha akachukua kiti chake mwenyewe akatoka nacho.

Aliketi, akatazama. Uani palikuwa kimya, hata sufuria za orofa ya kwanza zilikuwa zimenyamaza. Mpiga chapa alisimama karibu na sinki akiona mgongo wa dada yake na uso wa Almasi, na uso ule hakuweza kuutazama kwa muda mrefu.

"Kadogo hivi," dada yake alisema. "Na pete yake." Akasogeza jicho karibu zaidi. "Mbona haiigusi?"

Almasi akasema ndivyo ilivyo, haiigusi popote. Mkewe akauliza kama hii ndiyo aliyokuwa akiitazama kule juu miaka yote.

"Sikuwa naiona," Almasi alisema. "Nilikuwa najua ipo tu."

Mkewe akanyanyua uso kutoka kwenye tundu. "Miaka ishirini na sita umekaa juu ya ndoo, unatazama kitu usichokiona?"

"Ndiyo."

"Ungeniambia hivyo tangu mwanzo," alisema. "Mimi nilidhani kuna raha huko." Akarudisha jicho. Sayari ilikuwa inateleza kutoka pale, kama zinavyoteleza zote, naye kabla ya kufundishwa aliligusa bomba kwa ncha ya kidole akaifuata, polepole, vile anavyosukuma kitambaa chini ya sindano. Almasi alimwinamia kumweleza jambo. "Sogea," mkewe akamwambia, "unanizibia."

Majirani walipanga foleni nyuma yake ile nusu saa yote, na hakumpisha hata mmoja.

Miaka minane walikaa pamoja kwenye ule utepe wa mbingu, viti viwili, wakipokea kinachopita. Mkewe alijua Mshtarii na miezi yake minne, alijua Zuhura inapokuwa hilali, na Almasi hakukumbuka tena ndoo iko wapi. Mpiga chapa alikuwa akiwasikia kupitia ukuta wa nyuma wa karakana, uliopakana na ua wao, wakibishana. Halafu jengo jipya likaota upande wa pili, likatia taa nyeupe zinazowaka hadi asubuhi, zikimlinda nani hakuna ajuaye. Utepe ukawa rangi ya maji ya kufulia nguo. Herufi za risasi zikauzwa kwa kilo. Mwenye jengo akauza, wapangaji wakapewa barua, na binti akaja kuwachukua wazazi wake waende kuishi naye, nje kidogo ya mji wake, ambako alisema kuna giza la kutosha.

Mpiga chapa aliwaona mara ya mwisho asubuhi ya kuhama. Mizigo ilikuwa imejaa kwenye lori, na dereva alimtengea mama mzee nafasi mbele, penye mto. Alikataa. Alipandishwa nyuma, kwa kusaidiwa na watu watatu na magoti yakilia, akaketi juu ya godoro karibu na mumewe. Mpiga chapa alikuwa ameandaa maneno ya kuagana tangu usiku, akasogea ukingoni mwa lori ili ayaseme. Lakini mwezi ulikuwa bado juu upande wa magharibi, mweupe, umeliwa ubavu, mchana kweupe, na dada yake alikuwa ameshaunyooshea kidole, anataka kuelezwa kwa nini haujaondoka. Almasi alianza kueleza. Mkewe akamkatiza kwamba sivyo. Lori likaondoka, likapita mbele ya duka lililofungwa, wao wakiwa wameinua nyuso wote wawili na kushindana, na hakuna aliyekumbuka kumpungia mkono.